Kufuli kwenye Vali ya Mvuke

Asubuhi ile nilimwamkia meneja shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikamwambia mvuke hautatoka. Tulikuwa tumesimama kwenye chumba cha boila cha kiwanda cha chai, huku juu milimani upande wa Bumbuli, ukungu ukiingia hadi mlangoni. Alidhani sijamwelewa. Akarudia taratibu, kama mtu anayezungumza na mgeni: majani mabichi yameshafika, mengine yako njiani, vikaushio vinataka joto. Nikamjibu kwamba nimemwelewa vizuri, na kwamba vali kuu ya mvuke nimeifunga na kuitia kufuli langu.

"Kwa amri ya nani?" akauliza.

"Yangu."

Mimi ni fundi wa mabomba. Watu wakisikia hivyo hufikiria bomba la uani, lile la kuchotea maji, na wengi wamewahi kunisimamisha njiani Soni au Lushoto wakitaka nikawatazamie koki inayovuja. Mabomba yangu ni ya namna nyingine. Ni yale ya viwandani, yanayobeba mvuke, maji ya moto, mafuta au hewa iliyoshindiliwa, na kazi yangu ni kuyachora, kuyajenga, na kuyatunza yasije yakamdhuru mtu. Nilisomea chuo cha ufundi baada ya kugombana na nusu ya ukoo. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, na alitaka niwe mwalimu. Aliniambia mikono ya mwanamke haikuumbwa kushika spana. Nikamwonyesha mikono ya mama, iliyokuwa imechuma chai tangu kabla sijazaliwa, nikamuuliza hiyo iliumbwa kushika nini. Hakunisemesha kwa muda mrefu, lakini siku ya kuondoka alinibebea sanduku hadi barabarani.

Kazi ya kwanza niliipata Dar es Salaam, kwenye kiwanda cha vinywaji. Huko ndiko nilikojifunza kuuogopa mvuke. Mvuke wenye nguvu hauonekani. Kile cheupe kinachopanda juu kama wingu ni mvuke ulioanza kupoa. Ule wa hatari uko kabla yake, karibu na tundu, na jicho halioni kitu. Mwenzangu mmoja, kijana wa Singida aliyependa kuimba akifanya kazi, alipita mbele ya flanji, pale mabomba mawili yanapofungwa pamoja kwa bolti, iliyokuwa imechoka gasketi, ile pete ya kuziba katikati. Hatukuona chochote ila yeye akisimama na kuutazama mkono wake. Ngozi ilikuwa imetoka kama glavu. Alipona, akarudi kwao, na sikumsikia akiimba tena hata siku tulipomsindikiza stendi. Msimamizi wetu alijua habari za gasketi ile. Alikuwa amesema ingoje hadi matengenezo ya mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo niliporudi nyumbani milimani na kuajiriwa kwenye kiwanda hiki cha chai, nilikuja na kufuli jekundu la kwangu mwenyewe. Kazini kwetu kufuli la namna hiyo lina maana moja tu: mtu yuko kwenye hatari, na hakuna anayeruhusiwa kulifungua ila aliyelifunga. Watu wa kiwandani walilicheka. Walisema dada fundi amekuja na kufuli la geti.

Bomba lililotugombanisha lilikuwa limewekwa zamani, hata mzee wa boila hakujua na nani. Lilitoka kwenye boila, likapanda ukutani, likavuka juu ya ukumbi ambamo akina mama hukaa kwenye vigoda wakitoa vijiti kwenye chai kavu, kisha likafika kwenye vikaushio. Lilikuwa limevikwa pamba ya kuzuia joto na bati juu yake. Kwa miaka mingi mvua ya huku kwetu, ambayo inajua kudondoka bila kuchoka, ilikuwa ikipenya kwenye paa na kuingia chini ya bati lile. Pamba ikanywa maji, na chuma kikakaa ndani ya nguo mbichi.

Nililigundua Jumapili, kiwanda kikiwa kimepumzika. Niliona doa la kutu sakafuni, karibu na kigoda cha mama mmoja, nikainua macho. Nikapanda ngazi, nikafungua bati, nikaitoa ile pamba. Ilikuja mikononi kama uji. Chuma chini yake kilikuwa kinabanduka tabaka kwa tabaka. Nikakigonga kwa nyundo ndogo. Bomba zima hulia kama kengele. Hili lililia mahali pengine, na mahali pengine likanyamaza kama nimegonga udongo.

Nilimpigia meneja siku hiyohiyo. Akanijibu kwamba anajua ni la zamani, nitie kiraka cha kubana kwa bolti mahali palipoliwa, na msimu ukipungua tutalibadilisha. Nikamweleza kwamba kiraka kinahitaji chuma kizima cha kushikia, na hapa sikujua uzima unaanzia wapi. Akasema, "Wewe tia kiraka, fundi." Nikasema haiwezekani. Akakata simu. Kesho yake kabla hakujapambazuka vizuri nilikuwa kiwandani, na kufuli likawa mahali pake.

Meneja hakuwa mtu mbaya, na sitaki aonekane hivyo. Alikuwa mtu wa Arusha, mpole kwa kawaida, na alikuwa amebanwa. Mvua zilikuwa zimekubali mwaka ule, chai ilichipua kuliko tulivyoweza kuikausha, na wenye kiwanda walimpigia simu kila siku. Lakini asubuhi ile alimwita fundi wa kuchomelea, akamwambia alete mkasi wa kukatia chuma, akate kufuli.

Fundi alikuja na mkasi. Akalitazama kufuli, akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama mbele ya vali, nimekunja mikono kifuani.

"Ukilikata, utakuwa wewe uliyeufungua mvuke," nikamwambia. "Mimi nitasema hivyo popote nitakapoulizwa."

Mzee wa boila alikuwa ameketi kwenye gogo la mkaratusi karibu na mlango wa tanuri. Alikuwa mtu wa Songea, Mkatoliki mwenye rozari mfukoni, aliyekuja milimani ujanani kuchuma chai akaishia kuchochea moto. Hakuwahi kunisifia wala kunipinga. Sasa akasema bila kuinuka, "Kateni. Lakini mimi leo siongezi kuni."

"Na wewe, mzee?" meneja akamuuliza.

"Nimekaa chini ya bomba lile siku zote kwa kuwa hakuna aliyeniambia. Sasa nimeambiwa."

Fundi wa kuchomelea akaegemeza mkasi ukutani, akasema anakwenda kunywa chai.

Hapo meneja akapiga simu kwa mmoja wa wenye kiwanda, akanipa nizungumze naye mwenyewe. Sikuwahi kuzungumza na mtu yule. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Aliniuliza kama ninajua ni familia ngapi zinategemea kiwanda. Nikamwambia najua, yangu ikiwamo. Akaniuliza kama nina hakika bomba litapasuka leo. Nikamwambia sina hakika. Linaweza kupasuka leo, au baada ya mwezi, au likapitiliza msimu wote.

"Sasa unatufungia kazi kwa kitu usicho na hakika nacho?"

"Ndiyo, bosi. Kama wewe unayo hakika, njoo usimame chini yake. Ukishasimama nitafungua."

Simu ikakatika. Nilimrudishia meneja simu yake. Aliipokea kwa mikono miwili, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Kufikia saa nne getini palikuwa pamejaa. Malori ya majani yalikuwa yamepanga foleni, na wakulima wa jirani walikuwa wamekuja na vikapu vichwani. Majani ya chai hayana subira. Yakirundikana yanapata joto, yanageuka mekundu, na baada ya hapo ni ya kutupa. Habari zilikuwa zimeshatoka nje: binti wa fulani amefunga kiwanda. Nilisikia mtu akisema kwa sauti, makusudi niisikie, kwamba haya ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke funguo.

Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Alipita getini na kikapu chake, mlinzi hakumzuia, akaja moja kwa moja hadi chumba cha boila. Nikamwamkia. Aliitikia, kisha akaniuliza kwa Kishambaa, lugha tunayozungumza nyumbani:

"Wanasema wewe ndiye uliyefunga. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Na majani yangu?"

"Na yako pia."

Alitua kikapu chini. Alikuwa amechuma tangu alfajiri, sketi yake ilikuwa imelowa umande hadi kiunoni. Akaniambia nimwonyeshe. Nikampeleka ukumbini, nikamwonyesha bomba lililovuliwa bati, na kutu iliyodondoka sakafuni. Hakuuliza habari za chuma. Aliangalia vigoda. Kimoja kilikuwa cha mdogo wake, mama yangu mdogo, chenye kipande cha kanga alichokifunga juu ili kiwe laini. Kilikuwa chini kabisa ya mahali pale nilipogonga bomba likanyamaza.

Kisha akasema, "Majani yangu yameharibika na nimekasirika. Usilifungue."

Akarudi getini. Baadaye mama mdogo alinisimulia kwamba watu walimzunguka wakimtaka anishawishi, naye akawajibu kwamba anayetaka kufungua aende akakae kwenye kile kigoda. Alikaa juu ya kikapu chake, amenuna, mpaka adhuhuri.

Wakulima ndio waliomaliza ubishi, na si kwa kunipenda. Walipoona kufuli haliondoki, walimwambia meneja kwamba ama anapeleka majani yao kwenye kiwanda kingine, ama wanayapeleka wenyewe na hawarudi tena. Hilo lilimwingia. Malori yakageuzwa, yakateremka na majani ambayo bado yalikuwa na uhai. Mengine yalibaki, yakamwagwa nyuma ya kiwanda, rundo jekundu linalofuka moshi. Nililitazama rundo lile. Humo ndani kulikuwa na jasho la watu ninaowafahamu tangu utoto. Sikujisikia shujaa hata kidogo, lakini sikujuta pia.

Jioni meneja aliniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa, na nikabidhi ufunguo.

"Nyumbani nitakaa," nikamwambia. "Ufunguo ni wangu na kufuli ni langu. Nitalitoa siku bomba lile litakaposhushwa."

Nilikaa nyumbani. Soko la Lushoto lilinipokea kwa ubaridi. Muuza viazi aliyenizoea alinipimia bila kuniangalia usoni. Mzee mmoja wa msikitini, ninayemwamkia kila nikipita, aliitikia shikamoo yangu kwa sababu dini inamlazimu, nami nilisikia jinsi ilivyomtoka kwa shida. Mama hakuwa ananisemesha sana. Alipika bada, ule ugali wa muhogo, na mboga, akaniwekea sehemu yangu, akaila yake mlangoni huku amenipa mgongo. Mchana nilimsaidia kupalilia karoti. Siku moja aliniuliza, bila kuinua kichwa kwenye tuta, kama mtu akiunguzwa na mvuke anakufa palepale. Nikamweleza habari za kijana wa Singida. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupalilia. Tangu siku hiyo alikula akiwa amenielekea.

Wenye kiwanda walimleta mhandisi wao kutoka Dar es Salaam. Alikuja na gari, na kifaa kidogo cha kupimia unene wa chuma, kile nilichokuwa nimekiomba tangu nilipoajiriwa. Alipima bomba lote. Kisha akasema lishushwe lote, wala asiwepo mtu wa kulijaza mvuke tena. Alisema yale yale niliyosema mimi, na wote wakaitikia kwa kichwa. Nilipopigiwa simu nirudi, nilikasirika kuliko siku ile ya kufuli. Nilimwambia meneja waziwazi: "Maneno yangu yalihitaji kuvaa suruali ndipo yaaminike." Nadhani aliona haya, lakini haya yake haikuwa kazi yangu.

Nililitoa kufuli siku tuliyoanza kukata. Fundi wa kuchomelea aliposhusha kipande cha kwanza, alichukua bisibisi akakichoma ubavuni, kwa mchezo tu. Bisibisi ikapenya ikatokea upande wa pili. Aliitazama, akaiacha ikining'inia pale, akaenda kukaa nje. Akina mama wa ukumbini walikuja mmojammoja kuangalia. Meneja naye alikuja.

"Basi yamekwisha," akasema.

"Hayajaisha," nikamwambia. "Hatujakubaliana jipya linapita wapi."

Maana mhandisi alikuwa amechora bomba jipya kwenye njia ileile ya zamani, juu ya vichwa vya watu. Ilikuwa njia fupi, na vishikio vilikuwepo tayari. Kitaalamu hakuwa amekosea, bomba lingekuwa jipya na imara. Mimi nilitaka lipite nje, nyuma ya ukuta, kwenye kivuli cha ile miti ya mkaratusi, liingie ndani mahali pa vikaushio tu. Tulikaa mezani tukabishana. Alisema litakuwa refu zaidi na litapoteza joto. Nikamwambia tutalivika vizuri. Alisema nje kuna mvua. Nikamwambia mvua ya nje tunaiona. Ile iliyotuletea balaa ilikuwa ya ndani, hakuna aliyekuwa akiitazama.

"Bomba jipya halipasuki ovyo, dada," akasema.

"Lile nalo lilikuwa jipya siku moja. Aliyeliweka amekwenda zake, na vigoda vimebaki chini yake. Sisi nasi tutakwenda zetu."

Alivua miwani akaifuta. Alikuwa mtu msikivu, hilo ninalikiri. Akasema nichore njia yangu niilete, na ikisimama kwa hesabu ataikubali. Niliichora. Niliipa mteremko kuelekea upande unaokwenda mvuke, ili maji yanayotokana na mvuke uliopoa yasikae kwenye bonde la bomba; yakikaa, mvuke huyachukua na kuyapigiza kwenye kona kwa kishindo kinachoweza kung'oa kiungo, nasi tunakiita nyundo ya maji. Niliweka vitoleo vya maji hayo kila palipohitajika. Katikati nikalipindisha bomba liende pembeni na kurudi, mfano wa fremu ya mlango usio na ubao, kwa sababu chuma kikipata moto kinarefuka, na kisipopewa nafasi ya kurefukia kitajitafutia chenyewe kwa kuvunja kitu. Meneja aliuliza mara kadhaa kwa nini bomba lizunguke wakati linaweza kunyooka. Mara ya mwisho nilimwambia kwamba nikilinyoosha nitaondoka, atafute mtu mwingine wa kulisimamia. Hakuuliza tena.

Tulilijenga katika baridi ya huku kwetu, vidole vikifa ganzi kwenye bolti. Fundi wa kuchomelea alichomelea maungio kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake. Mawili sikuyapenda, nikamwambia ayakate ayarudie. Alilalamika nusu siku, akayarudia. Tulipomaliza tulilijaza maji baridi, tukayashindilia kwa pampu kupita nguvu ya mvuke tuliokusudia kutumia, tukatembea kando yake na tochi tukitafuta tone. Mzee wa boila alitembea nasi, akilipapasa kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe. Hatukupata tone.

Si kwamba watu walinisamehe wote. Hadi leo wako wakulima ambao wakinitaja huanza na lile rundo jekundu nyuma ya kiwanda. Mmoja alinifuata siku moja njia ya Mponde, akaniuliza kama bomba lilipasuka. Nikamwambia halikupasuka. "Basi majani yangu yalitupwa bure," akasema. Nikamwambia ndiyo, kama anaona hivyo yalitupwa bure, na ningeyatupa tena. Akatema mate kando ya njia, akaenda zake. Sikumlaumu. Sikubadilisha neno pia.

Siku ya kulifungulia mvuke bomba jipya, wote walikusanyika: meneja, akina mama wa ukumbini, madereva, na mama yangu aliyesema amepita tu. Moto ulikuwa umewaka vizuri, boila ilikuwa tayari, na majani yalikuwa yamenyaushwa, kama inavyotakiwa kabla ya kukaushwa, yakisubiri. Nilishika gurudumu la vali nikalizungusha kidogo sana, mpaka nikasikia mvuke umeanza kupita kwa mlio mwembamba. Nikaacha hapo. Bomba baridi halijazwi kwa pupa. Linapashwa polepole, maji yaliyomo yakitolewa, chuma kikizoea.

Maji yalitoka kwenye vitoleo, kwanza machafu, kisha safi, kisha yakachanganyika na moshi mweupe. Ule mpindo wa katikati ulianza kujisogeza kwenye vishikio vyake, ukilia kwa sauti ndogo ya chuma. Mzee wa boila aliitikia kwa kichwa kuniashiria kwamba kwake kuko sawa. Nikaongeza kidogo, nikaacha tena.

"Fundi, majani," meneja akasema.

"Nimeyaona."

Alikuja akasimama karibu yangu. Akatazama saa yake, akatazama vikaushio, akasafisha koo. Nikamwambia asubiri. Akasubiri.